Mche wenye maua si lazima uwe ndio bora

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya miche huchagua kwa macho, na macho humpeleka moja kwa moja kwenye mche wa nyanya uliorefuka kuliko wenzake, wenye maua na pengine kijitunda kimoja kinachoning'inia. Mimi ninayeuza ningependa achukue ule mfupi ulio pembeni, wenye shina nene na majani ya kijani kilichokolea. Mche uliochanua ndani ya chungu kidogo mara nyingi umekwisha kujaza chungu hicho mizizi, na ukihamishwa hudumaa kwa muda, kwa sababu unalea matunda wakati ambapo ungepaswa kuotesha mizizi mipya.

Maneno matupu hayamshawishi mtu, kwa hiyo huupindua mche, shina likiwa katikati ya vidole vyangu, nikagonga kitako cha chungu na kumwonyesha bonge la udongo. Mizizi myeupe iliyoushika udongo pasipo kuuzonga ndiyo inayotakiwa. Ile ya kahawia iliyojiviringa chini raundi kadhaa ni dalili kwamba mche umekaa humo kupita kiasi.

Ndiyo maana hesabu ya muuzaji huanzia siku ya soko na kurudi nyuma. Nyanya huhitaji wiki 6 hadi 8 tangu kusia mbegu, na pilipili wiki 8 hadi 10, ambapo siku 7 hadi 10 za mwisho ni za kuizoesha miche jua kali na upepo kidogo kidogo. Wenye haraka huiruka hatua hiyo, na hasara humwangukia mnunuzi, ambaye huona majani yakibabuka na kuwa meupe mara tu anapoutoa mche nje, akadhani mkono wake ndio mbaya.

Viungo vina tabia zake. Giligilani ina mzizi mkuu usiopenda kusumbuliwa, hivyo ni afadhali kuisia katika chungu kile kile kitakachouzwa, na kuiuza ikiwa changa kabla joto halijaifanya itoe maua. Rozmari huota kwa kusuasua kutokana na mbegu, kwa hiyo huiotesha kwa vipandikizi, nami humwonya kila anayeinunua kwamba maji mengi huiua upesi. Mnanaa ukae peke yake, kwani hutambaa na kuwameza jirani zake. Mrehani, kwa upande wake, hauhitaji mpiga debe: ukikatwa ncha juu ya jozi ya majani hutoa matawi mawili, na ukipitishiwa kiganja harufu yake huwageuza hata waliokwisha kupita.

Kibandiko cha jina hakitoshi iwapo hakisemi nyanya hii ni ya aina fupi au ni ile inayorefuka na kuhitaji kufungiwa mti. Anayepanda kwenye kibaraza anapaswa kujua hilo kabla ya kulipa, pamoja na kwamba ile ndefu hustawi katika chombo cha lita 20 hivi chenye matundu chini, chenye mchanganyiko mwepesi wa mboji, si udongo wa bustani unaoshindiliwa na maji ukawa mgumu.

Miche isiyouzwa huihamishia kwenye vyungu vikubwa zaidi siku inayofuata. Ile ambayo mizizi yake imekwisha kuzongana siirudishi mezani, hata kwa nusu bei.