Siku yangu na fuvu moja na fagio la chelewa

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, swala, chai ya rangi na mkate wa ajemi, afu baiskeli toka Ngamiani. Kwenye kikapu nina fagio bovu la chelewa, anayeniona atadhani naenda kufagia kumbe nafundisha anatomia.

Saa 2 darasani. Fuvu la mfupa wa kweli tunalo moja tu, mengine plastiki, na ya plastiki yana ujinga wake, vitundu vidogo vimezibwa kimebaki kishimo tu, sasa chelewa utaipitisha wapi? Basi wote foleni kwenye lile moja. Naligeuza chini juu. Tundu kubwa la katikati, ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kila mtu analijua, sipotezi muda hapo. Utamu uko kwa wale majirani wawili, forameni (yaani tundu) ovale inayopitisha neva, ule mshipa wa fahamu, ya taya la chini, na nyuma yake kidogo spinosamu, inatosha ncha ya chelewa tu. Kwenye hiyo spinosamu inaingia ateri, mshipa wa damu, na ukichungulia kwa ndani unaona kabisa mfereji iliojichimbia kwenye mfupa mpaka panjani ambako mfupa ni mwembamba, ndo maana mtu akigonga panja na bodaboda bila helmeti ateri ikachanika anaweza kuinuka anaongea vizuri tu, afu baadae anazimika. Darasa likanyamaza.

Saa 4 chai, vitumbua viwili.

Saa 5 kijana kachomeka chelewa kwenye tundu lingine, forameni laseramu, ikatokea upande wa pili, "Ticha, karotidi inapanda hapa!" Yaani ile ateri ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Haipandi bwana. Kwa mtu hai pale chini pana gegedu, kitu kigumu kinachopindika kama cha sikioni, ateri inaingilia mfereji wake wa pembeni, inakata kona, inapita juu ya hiyo gegedu. Mfupa mkavu ndo unadanganya. Sikumcheka, na mimi nilikosea hapohapo enzi zangu.

Saa 8 kusahihisha, joto tu.

Saa 11 jioni bibi jirani ananiita, mdomo umepinda, jicho moja halifumbi. "Mwanangu wanasema upepo mbaya." Shikamoo bibi, hebu nyanyua nyusi. Upande ule paji halikukunjana hata kidogo, akili yangu ikaenda nyuma ya sikio, kale katundu neva ya uso inakotokea, na kabla ya hapo inapita kwenye kifereji chembamba cha mfupa, ikivimba haina pa kutanukia. Hayo sikumwambia, nikamtuma mjukuu bajaji, maana dawa zake zinatakiwa zianze ndani ya siku 3 na hospitali wahakikishe sio kiharusi. Bajaji inanguruma nje, bibi yeye kagoma kutoka mpaka avae baibui jipya.