Nilivyopima usalama wa wanafunzi kwa mahindi na kunde

Shule ninayofundisha, pembezoni mwa jiji la Tanga, ina kitabu cha adhabu kinachojazwa vizuri sana. Kanuni za serikali za 2002 kuhusu viboko shuleni zinataka kila adhabu ya viboko iandikwe, na visizidi vinne. Kwa hiyo tunajua nani alitoroka na nani alipigana. Aliyepigwa, aliyenyang'anywa nauli, aliyeshikwashikwa njiani, huyo hana kitabu. Ndiyo maana nilikasirika wazazi walipoambiwa kikaoni kwamba shule ni salama kwa kuwa "hakuna kesi".

Nikaamua kuwauliza watoto wenyewe. Marekani wamekuwa wakiwahoji wanafunzi wa miaka 12 hadi 18 tangu 1989, kwa sababu mengi hayafiki polisi wala kwa mkuu wa shule. Swali lao moja lilinikaa sana: kuna mahali shuleni unapakwepa kwa kuogopa? Mtoto anayezunguka njia ndefu ili asiibiwe hahesabiwi kwenye wizi, lakini salama hayuko.

Ofisa mmoja akanishauri: "Mwalimu, wape viranja fomu, utamaliza asubuhi moja." Kweli zilirudi asubuhi hiyohiyo, karibu zote "hapana". Dawati moja wamekaa watatu, mwandiko wa kila mtu unajulikana, na mmoja wa wakusanyaji, kama nilivyokuja kujua, ndiye aliyekuwa akichukua hela za kidato cha kwanza. Mtoto gani angeandika?

Nikaenda soko la Mgandini, nikanunua mahindi na kunde, elfu tano haikufika. Makopo ya maziwa niliokota kwa mama lishe. Kila kopo swali moja, na kifuniko nilikitoboa tundu la kupitisha punje tu. Nikatundika kanga kwenye kona ya maktaba. Mwanafunzi anaingia peke yake na gao la mchanganyiko, anadondosha punje moja kila kopo: mahindi ndiyo, kunde hapana. Sasa, punje ya hindi ikigonga bati hailii kama kunde, na watoto wana masikio. Nikatandika kitambaa ndani ya kila kopo. Zinazobaki mkononi anazimwaga kwenye ndoo ya pamoja kabla hajatoka, asije mtu akamkagua nje ajue alichojibu. Hilo la ndoo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Wasichana siku yao, wavulana siku yao. Maswali yote yalianza "tangu shule ilipofunguliwa Januari", kwa sababu ukiuliza "umewahi" utaletewa na ya darasa la tatu. Na kabla ya punje ya kwanza niliwatajia mwalimu wa malezi na simu ya bure ya watoto, 116. Kopo haliwezi kumsaidia aliye hatarini leo. Ukipanga kuuliza mambo haya, tayarisha kwanza wa kumpokea mtoto.

Matokeo? Wasichana zaidi ya nusu walikuwa wanakwepa vyoo, ambavyo milango haikuwa na komeo. Wavulana wadogo walikuwa wananyang'anywa hela ya chakula. Na kopo la njia ya kupita katikati ya mkonge lilijaa mahindi kwa wote, jambo ambalo ofisini halijawahi kutajwa hata mara moja.

Makomeo yaliwekwa ndani ya wiki, viranja wakabadilishwa. Hapo watoto wakaanza kuja kusema wenyewe, na nikaambiwa kesi zimeongezeka, kwa hiyo nimeiharibu shule. Nilirudisha makopo muhula uliofuata. Mahindi ya kopo la vyoo na la hela yalikuwa yamepungua mno, huku taarifa za ofisini zikiwa zimepanda. Nikaziweka hesabu zote mbili mezani mbele ya kamati: kinachotokea kimepungua, kinachosemwa kimeongezeka. Mzee mmoja wa kamati akataka makopo yawe ya kila muhula, wakakubali.

Njia ya mkonge bado. Mtendaji wa mtaa ameahidi kuongea na wenye shamba wafyeke kando ya njia, na mpaka wafyeke, wanafunzi wa upande ule tunawaruhusu mapema waondoke kwa kundi na mwalimu mmoja.