Kwa mtoto wa kaka yangu, na wenzake mnaoulizia forensiki

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Siku hizi akija Nyegezi kunisalimia, kabla sijamaliza kuitikia marahaba ameshaanza: "Shangazi, forensiki inasomewa wapi?" Anamaanisha sayansi ya kuchunguza ushahidi wa kesi. Nimekuwa nikimjibu kwa mafungu, mara jikoni, mara kwenye daladala, na safari moja hata msibani. Sasa na marafiki zake wameanza kunipigia simu, basi nimeona niandike.

Mimi si mwanasayansi. Nilikuwa karani wa mahakama hapa Mwanza hadi nilipostaafu. Nilikaa mbele ya meza ya hakimu, niliita majalada, na nilipokea vielelezo na kuviandikia alama: vya mashtaka P1, P2, vya utetezi D1, D2. Mashine za maabara sijui zinavyoendeshwa. Wanaoziendesha ndio niliowaona, wakisimama kutoa ushahidi. Wengine walitoka kifua mbele, wengine walitoka shati limeganda mgongoni kwa jasho.

Katika tamthilia mtu mmoja anaokota unywele, anaupima, anamhoji mtuhumiwa na jioni anamfunga pingu. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na hao wenyewe hawakusomea darasa moja. Kwa hiyo ukiniuliza forensiki inasomewa wapi, mimi nitakuuliza kwanza unataka kushika nini: mwili, kemikali, karatasi au simu?

Wengi niliowaona ni wakemia wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Kesi za bangi, mirungi, heroini, mtu aliyekunywa au kunyweshwa sumu, zote hupita mikononi mwao. Na hawaishii kwenye jinai. Kanda hii ni ya dhahabu, na zebaki na sianidi zinazotumika migodini, Geita na kwingineko, wanazisimamia wao chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Mtu anaweza kuajiriwa akidhani atakaa na darubini, akajikuta amevaa buti anakagua ghala la kemikali mgodini. Wapo wanaoipenda kazi hiyo kuliko maabara yenyewe.

Vinasaba, yaani DNA, pia viko kwao, kwa Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Binti yetu alishangaa nilipomwambia kwamba huendi tu dirishani na mtoto mgongoni ukasema nipimieni baba yake. Maombi yanapitia kwa wanaotambuliwa na sheria: mahakama, wakili, ustawi wa jamii, polisi, daktari. Sampuli yenyewe ni ya kupangusa ndani ya shavu tu, haichukui hata dakika. Kinachochukua muda ni karatasi.

Hapa nina kisa ninachokipenda. Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua mwaka 1984 namna ya kumtofautisha mtu na mtu kwa DNA. Polisi wa huko walipomwomba msaada katika mauaji ya wasichana wawili, tayari walikuwa na kijana wa miaka 17, Richard Buckland, aliyekuwa amekiri kuua mmoja wao. Vipimo vikaonyesha kwamba si yeye. Aliyewaua, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kilipoingia kwenye kesi ya mauaji, kabla ya kumfunga mtu yeyote kilimtoa asiye na hatia, tena aliyekiri kwa kinywa chake. Nimewasikia watu wengi wakikiri vituoni halafu wakikana mbele ya hakimu. Kisa hiki hakinitoki.

Alama za vidole ni za polisi, kwenye kitengo chao cha uchunguzi wa kisayansi. Watu wanadhani DNA imezifuta. Haijazifuta. Huku usukumani mapacha tunao, Kulwa na Doto, na wakiwa wa kufanana kabisa, kipimo cha kawaida cha DNA hakiwatenganishi. Vidole vyao vinawatenganisha. Wachunguzi wa maandishi nao wako huko huko polisi, na ningekuwa kijana ningeomba kazi hiyo. Kesi za viwanja hapa mjini haziishi: mkataba wa mauziano wenye saini ya marehemu, wosia uliozuka baada ya arobaini. Mchunguzi hasomi saini inayobishaniwa peke yake. Anataka saini za zamani za mtu yule yule, alizoweka kabla ya ugomvi, akiwa hana habari kwamba siku moja zitapimwa. Niliona zikiletwa fomu za benki, kadi ya chama cha ushirika, hata daftari la kikoba. Yule mchunguzi alimwonyesha hakimu mahali kalamu iliponyanyuliwa katikati ya jina, pahali ambapo mwenye jina hanyanyui kamwe. Ukumbi mzima ulinyoosha shingo.

Sasa nije kwenye ziwa, maana hapo ndipo mimi na binti tuliongea hadi chai ikapoa.

Mwili ukiopolewa ziwani swali la kwanza la polisi ni moja: alikufa maji, au alitupwa akiwa amekwisha kufa? Anayejibu ni daktari anayepasua. Povu laini mdomoni na puani na mapafu yaliyojaa humpa dalili. Ngozi ya viganja iliyojikunja haimwambii zaidi ya kwamba mwili umekaa majini, maana hata maiti iliyotupwa hujikunja. Maji yetu ni ya vuguvugu, mwili huharibika upesi, na dalili nyingine hupotea kabla mvuvi hajauona.

Hapo kuna kipimo cha diatomu. Diatomu ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, wenye ganda la silika, kitu kile kile cha kioo. Ziwa letu limejaa diatomu, hasa wa jamii ya Nitzschia. Mtu anayezama angali hai huvuta maji, na moyo wake ukiwa bado unapiga, vidudu hivyo vinaweza kupenya mapafuni, vikaingia kwenye damu na kufika hadi ndani ya uboho wa mfupa. Aliyekufa kabla hana moyo wa kuvisukuma. Maabara huchukua uboho, huuyeyusha kwa tindikali, nyama inakwisha, maganda yanabaki. Kisha huyalinganisha na maji ya mahali mwili ulipopatikana.

Tamu kusikia, lakini wataalamu wenyewe wanabishana. Diatomu wamewahi kuonekana kwa watu ambao hawakuzama, na kuna waliozama wasionekane nao. Wakili mzuri atakuuliza hilo kabla hujameza mate. Ninamtajia binti yetu kipimo hiki kwa sababu nyingine: anayewajua vizuri diatomu wa Ziwa Victoria si daktari wala polisi. Ni mtu aliyesomea viumbe wa majini, wa aina ya wale walio taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Mtu wa namna hiyo anaweza kuitwa mahakamani siku moja ingawa cheti chake hakina neno jinai popote.

Ndivyo ilivyo hata kwa samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili, wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Watu walimwaga sumu za kuulia wadudu wa mazao wakakusanya samaki wanaoelea. Wakati ule sangara walishuka bei hapa mjini hadi ukashangaa, na viwanda vya minofu vikapunguza watu. Leo hapa Nyegezi, si mbali na kwangu, kuna maabara ya taifa ya kudhibiti ubora wa samaki. Kupima sumu kwenye minofu ni kemia ile ile ya kupima sumu kwenye tumbo la marehemu. Binti alinikazia macho niliposema hivyo, lakini alinielewa.

Kuna jambo lingine la ziwa ambalo watu wa Mwanza hatulitaji kwa sauti. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na waliokufa ni zaidi ya 800. Wengi wamelala makaburini Igoma. Ndugu walitambua miili kwa uso, kwa shati, kwa pete, na baada ya siku kadhaa majini uso hautambuliki. Wapo waliozikwa bila jina. Polisi wa kimataifa, Interpol, wanahesabu njia tatu za kutegemewa katika maafa ya namna hii: alama za vidole, meno na DNA. Nguo na sura ni vya kusaidia tu. Meno! Daktari wa meno anayeweka kumbukumbu nzuri za wagonjwa wake anaweza siku moja kuipa familia mwili wake wa kuzika. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, nilikaa na redio usiku kucha nikiwaza juu ya meno.

Ya simu nitayapitia haraka, maana vijana mnayajua kuliko mimi. Ule ujumbe wa matapeli, "Ile hela tuma kwenye namba hii", umewalisha mahakimu kesi nyingi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali. Ukiwa mtu wa hesabu na kompyuta, nenda huko, usijilazimishe kuona damu.

Sasa bahasha, ile inayobeba kielelezo. Kuna kesi moja niliyoiona ikifa hivi hivi. Kielelezo kilikamatwa, kikapimwa, majibu yakarudi kuwa ni dawa za kulevya, mkemia akaja akaeleza vizuri kabisa. Wakili wa utetezi akasimama na swali moja: kati ya siku kilipokamatwa na siku kilipofika maabara, kilikuwa kwa nani? Hakuna karatasi iliyojibu. Aliyekitunza hakusaini, aliyekipeleka hakuandikwa. Mshtakiwa akaenda nyumbani. Sitataja kituo wala mwaka, na pengine yule mtu kweli alikuwa mhalifu, lakini hakimu hakukosea. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, namba 110 ya mwaka 2007, ilishaeleza kwamba lazima kuwe na mfululizo wa maandishi: nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani, nani alipima. Baadaye mahakama hiyo ililegeza kidogo kwa vitu visivyobadilika mikono kirahisi. Unga mweupe si mojawapo.

Kwa hiyo kila binti yetu anaponiambia anapenda sayansi kwa sababu hapendi kuandika-andika, mimi humcheka. Mkemia bora niliyewahi kumwona alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye daftari. Wakili alimgeuza-geuza karibu asubuhi nzima. Kila swali alifungua daftari: lakiri ilikuwa nzima, uzito ulikuwa huu, niliifungua mbele ya fulani, niliifunga tena saa fulani. Alipoulizwa kitu kilicho nje ya kazi yake alisema, "Hilo sikulipima, mheshimiwa." Hakuona haya. Nimewaona wenye shahada kubwa wakianguka kwa kujibu wasichokipima.

Tena jifunze kuyasema kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini ripoti nyingi nilizoshika zilikuwa za Kiingereza. Mshtakiwa wa Ukerewe anataka kuelewa ni kitu gani kinamfunga. Akitoka pale hajaelewa, ataamini amelogwa au amehongewa, na kijiji chake kitaamini hivyo.

Tumeyapima na binti. Patholojia, kazi ya daktari anayepasua maiti, aliitaka kwanza. Udaktari miaka 5, mafunzo ya vitendo 1, kisha uzamili miaka 3 hivi, na mochwari haina likizo. Chuo cha Bugando hapa Mwanza wanafundisha udaktari na sayansi ya maabara, angeweza kusoma akilala nyumbani. Nilimpeleka kwa daktari ninayemfahamu, wakaongea, akarudi kimya, akala ugali wake wote, kisha akasema hapana, si miili. Vizuri kujua mapema. Polisi hataki, kwa sababu ya depo, yale mafunzo ya mwanzo ya askari, na mimi sikumbembeleza. Imebaki kemia. Ataomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwanza, Dodoma ya pili, na akimaliza atapambana na usaili wa Sekretarieti ya Ajira kama wenzake wote. Nafasi ni chache, hilo nimemwambia waziwazi, lakini mwenye kemia ana milango mingine: kiwanda cha samaki, mgodi, mamlaka ya maji.

Kaka yangu, ambaye yeye alitaka mtoto asomee uhasibu, amesoma ujumbe wangu wote kwenye simu na kunijibu kwa swali moja tu, kama kazi hiyo ina pensheni. Serikalini inayo, kaka. Ni PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ule ule unaonilipa mimi.