Niliacha kuhesabu mbuzi, nikaanza kuhesabu maharage

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha soka watoto wa chini ya miaka 13 hapa Busia, upande wa Uganda, tulichukua mbuzi watatu. Mashindano yetu ya likizo zawadi yake ni mbuzi, na akishachinjwa, mtaa mzima unajua kocha ni nani. Mpango wangu ulikuwa mmoja: beki mwenye mwili mkubwa anabutua, winga mwenye miguu mirefu anakimbiza, na golikipa wa wenzetu, mtoto wa miaka kumi na moja, amesimama kwenye goli la watu wazima. Yule beki aliandikwa miaka 13. Nilijua ana 15. Tangu 2009 FIFA wanapiga picha za kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 ili kuwanasa kina sisi tunaodanganya umri, lakini uwanjani kwetu hakuna mashine, na mimi nilinyamaza.

Miaka miwili baadaye winga wangu alirudi kutoka kwenye majaribio ya shule moja kubwa. Wenzake walikuwa wamekua, mbio zake hazikumtofautisha tena na mtu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kocha, walisema sijui kutuliza mpira. Mbona hatukujifunza?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa naye kwa misimu miwili, na sikukumbuka hata jioni moja niliyomfundisha kupokea pasi akiwa ameupa goli mgongo.

Nikabadilisha mazoezi. Uwanja mmoja nikaukata vipande vinne kwa koni na ndala, wanne kwa wanne, mita kama 30 kwa 20, mpira saizi 4. Golikipa akiushika, wapinzani wanarudi nyuma ya mstari wa kati, naye lazima aanze kwa mkono kwa beki wake. Kubutua ni marufuku. Na kwenye mechi kila mtoto anacheza nusu ya mechi, hata yule mdogo kuliko wote, ambaye mwaka mzima kazi yake ilikuwa kubeba maji.

Mechi ya kwanza tulifungwa 6-0. Mabao manne yalitokana na beki wetu kunyang'anywa mpira mbele ya goli lake. Watoto walilia. Wazazi hawakulia, walinifuata nyumbani.

Mzee mmoja aliyewahi kucheza alinisomesha mbele ya wote: "Mwaka 1978 tulifika fainali ya Afrika kule Accra, Ghana wakatufunga 2-0, tukakaa mpaka 2017 ndipo Cranes, timu yetu ya taifa, wakarudi kwenye mashindano hayo. Miaka 39! Na wewe unawafundisha watoto kushindwa?" Nikamwambia, "Mzee wangu, miaka 39 hiyo hatukukosa watoto wenye mbio." Hakuridhika, na mimi sikuona maneno zaidi yatasaidia.

Kilichosaidia ni maharage. Jumamosi moja nilimpa kila mzazi kopo tupu na kiganja cha maharage: mtoto wako akigusa mpira, tia punje moja. Kwanza tulicheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, dakika ishirini. Kopo la baba mmoja lilikuwa na punje tano. Mama wa yule mbeba maji alikuwa na moja. Tukapumzika, kisha wanne kwa wanne, dakika zile zile. Baba yule aliishiwa maharage kabla ya filimbi, akanyoosha mkono kwa jirani: "Niongeze." Mama hakusema kitu. Alimwaga punje zake kwenye kanga akazihesabu mara mbili.

Baada ya hapo kelele za "butua!" pembeni zilipungua, ingawa hazijaisha. Wazazi wawili waliwahamishia watoto wao timu nyingine, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha nyama. Msimu huo hatukupata mbuzi, na uliofuata pia. Lakini kufikia Desemba golikipa wetu alikuwa anatoa pasi mguuni bila kutetemeka, na tulifungwa 2-1 na timu ile ile iliyotupiga sita.

Winga wangu sasa ana miaka 16. Nilimwomba msamaha, na kila Jumanne anakuja kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala, mguu wa kushoto mara hamsini, kisha wa kulia. Bado mpira unamruka. Ameanza kazi hiyo akiwa amechelewa, na aliyemchelewesha ni mimi.

Likizo hii nimewaendea makocha wenzangu watatu na ombi: tucheze saba kwa saba, na mbuzi apikiwe watoto wote. Wawili wamekubali. Wa tatu anataka mbuzi wake, nami kesho jioni narudi kwake na makopo.