Galanthus: gawanya mimea, majani yakiwa bado mabichi

Kwa mliopo Uingereza na nchi jirani zenye baridi: maua meupe ya galanthus (kwa Kiingereza "snowdrop", mmea mdogo unaoota kwenye tunguu) yakianza kunyauka, mwishoni mwa Februari au mwezi Machi, ndio wakati wa kugawanya vishada vyake. Msingoje vuli mkanunue matunguu makavu, yaani sehemu nene ya chini ya udongo inayofanana na kitunguu. Ganda lake ni jembamba, hukauka upesi dukani, na mengi hayaoti kabisa.

Chomeka uma wa bustani mbali kidogo na shina, nyanyua kishada chote, kisha kitenganishe kwa vidole taratibu bila kukata mizizi. Panda matunguu matatu hadi matano kwa kila shimo, kina cha sentimita 8 hadi 10, nafasi ya sentimita 10 hivi. Sehemu nyeupe ya shina inakuonyesha udongo wa zamani uliishia wapi. Irudishe hapo hapo. Mwagilia siku hiyo hiyo, hata kama kuna manyunyu.

Mahali pazuri ni chini ya miti inayopukutisha majani, kwenye udongo wenye mboji ya majani, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Majani msiyafunge wala kuyakata mpaka yawe manjano yenyewe. Ndiyo yanayolisha tunguu, na ukiyakata mapema, mwakani utaona majani matupu.

Mkiona ukungu wa kijivu kwenye machipukizi, ng'oeni kishada chote mkitupe, si kwenye mboji. Na tafadhali, matunguu haya ni sumu, yanafanana na vitunguu vidogo: yasikae jikoni.