Mbigiri za Chekereni na matairi yasiyo na tyubu

Siku niliyoamua kuachana na tyubu nilikuwa nimekaa kwenye tuta la mfereji, kati ya Mabogini na Chekereni, saa saba mchana wa Februari, nang'oa mbigiri kwenye tairi la nyuma. Niling'oa 11. Tyubu ya akiba nilishaitumia asubuhi, viraka vilibaki viwili, na solusheni ilikuwa imekauka ndani ya kichupa chake. Wakulima wa mpunga walikuwa wananisubiri tukague kitalu cha miche. Nilifika saa tisa na nusu, nasukuma baiskeli, na wengine walishaondoka.

Kwa asiyeijua, mbigiri ni mmea unaotambaa chini, wenye majani madogo na maua ya njano, na mvua ikinyesha unapendeza kweli. Ukikauka, tunda lake hupasuka vipande vitano, kila kimoja kikiwa na miiba miwili mirefu, kama kichwa cha mbuzi na pembe zake. Kipande kikidondoka kikae vyovyote, haukosekani mwiba ulioelekea juu. Mgunga una miiba mirefu zaidi, lakini mgunga unauona kwa mbali, unakwepa. Mbigiri unaitambua pale tairi linapoanza kugonga lami tik, tik, tik, na hapo imeshaingia.

Mimi ni afisa ugani, nakaa Soweto hapa Moshi, na kazi yangu iko huku chini kwenye skimu za mpunga. Jumapili napanda Kibosho kumwona mama. Baiskeli yangu ni ya changarawe, zile wenyewe wanaziita graveli: usukani umepinda kama wa baiskeli za mashindano, lakini matairi ni manene na yana meno. Niliinunua kwa msafiri aliyemalizia safari yake hapa mjini. Matairi yameandikwa 40-622 ubavuni. Hiyo 40 ni unene kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi.

Hapo kwenye 622 naomba nisimame, maana ndipo nilipopotezea hela. Tairi la kwanza lilipoisha, duka moja la spea liliniuzia la inchi 28, na muuzaji akanihakikishia kuwa 28 ni 28. Kumbe la kwangu likitajwa kwa inchi nalo huitwa 28, na la Phoenix, ile baiskeli ya kubebea ndizi, linaitwa 28 vilevile, ila la Phoenix ni 635. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi lilicheza kwenye ringi kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Cha ajabu, matairi ya baiskeli za milimani yanayoitwa 29 ni 622, sawasawa na yangu. Yanaingia kwenye ringi bila shida, na hapo la kuangalia ni kama uma na fremu vina nafasi ya unene wake. Kwa hiyo ukienda dukani achana na inchi, soma ile namba ya mwisho ubavuni.

Fundi wangu yuko Mbuyuni, anatengeneza baiskeli na bodaboda. Nilipomsimulia habari ya mbigiri aliniambia, "Dada, magari yote haya yanapita palepale na ni tyubulesi. Baiskeli ina kosa gani?" Ringi zangu zilikuwa zimeandikwa kwamba zinakubali kufungwa bila tyubu. Si kila ringi inakubali, na isiyokubali msiilazimishe.

Mara ya kwanza tulishindwa, na kosa lilikuwa la tepu. Ringi ina matundu ya spoku, na tyubu ikitoka lazima yazibwe kwa tepu maalumu, vinginevyo upepo unatokea humo. Sisi tukatumia selotepu ya kufungia maboksi. Jioni tairi lilikuwa gumu vizuri. Asubuhi nikalikuta limekaa chini, na dawa, yaani yale majimaji ya kuziba matundu yanayowekwa ndani ya tairi, imetoka kwenye matundu ya spoku, imetapakaa kwenye sakafu kama maziwa. Ukisikia mtu analalamika kwamba matairi yasiyo na tyubu hayakai na upepo, mwulize kwanza habari ya tepu yake.

Tepu yenyewe niliiagiza, ikaja na basi. Ringi yangu kwa ndani ina milimita 21, nikachukua tepu ya 25 ili ipande kidogo kingo zote mbili. Kabla ya kuibandika nilisugua ringi kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, maana mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuiachisha. Kisha unaivuta kwa nguvu huku mwenzako ameshikilia gurudumu, unaikandamiza kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda pembeni, na ukirudi ulipoanzia unaendelea kama shubiri nzima kabla ya kukata. Tundu la valvu fundi alilitoboa kwa msumari wa moto. Kisu huacha mpasuko unaoendelea kuchanika, moto huacha tundu la duara lenye kingo zilizoyeyuka.

Kulivisha tairi hakukutusumbua sana. Angalia mshale ubavuni uelekee mbele, ingiza upande mmoja, kisha wa pili, na umalizie kwenye valvu. Likikaza, usikimbilie bisibisi wala spana, utachana tepu uliyoihangaikia. Ringi ina bonde katikati: sukuma mdomo wa tairi, yaani ule ukingo wake unaokaa kwenye ringi, uingie humo kuzunguka pande zote, nafasi itapatikana, na mikono itatosha.

Kazi ni kulikalisha. Tairi halina tyubu ya kulisukuma, kwa hiyo upepo ukiingia taratibu unatokea pembeni palepale. Tulipaka povu la sabuni kwenye midomo yote miwili, tukafungua kile kiini cha valvu ili upepo uingie kwa wingi, tukaweka kompresa. Ikavuja. Tukarudia, ikavuja. Ndipo fundi akachukua ule mpira mrefu wa kufungia mizigo, uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, akalizungushia tairi katikati ya meno yake na kuukaza. Tairi likabonyea katikati, midomo ikatanuka pembeni na kugusa ringi. Akafungulia kompresa tena. Paa! Kimya kidogo. Paa! Wapita njia walidhani limepasuka. Ule ni mlio wa mdomo wa tairi unaporuka kutoka bondeni na kukaa mahali pake, na ukiusikia pande zote mbili, furahi. Fundi akafungua mpira wake. Ukizungusha gurudumu utaona ule mstari mwembamba ubavuni unakwenda sambamba na ringi. Palipozama, ongeza sabuni na upepo, ila usivuke kipimo kilichoandikwa kwenye tairi au ringi, chochote kilicho kidogo.

Baada ya hapo tulitoa upepo taratibu, tairi likabaki limekaa. Tukaingiza dawa mililita 60 kupitia valvu kwa bomba la sindano, tukarudisha kiini, tukajaza. Nyingi ya dawa hizi asili yake ni utomvu wa mpira wenye chembechembe ndani. Pakitoboka, upepo unaotoka unaisukuma dawa kwenye tundu, inaganda, inaziba. Ili ienee kuta zote nililitikisa gurudumu, nikalilaza juu ya ndoo saa nzima upande huu na saa nzima upande ule, halafu nikaendesha hadi Majengo na kurudi.

Upepo ndio uliobadilisha kila kitu. Nikiwa na tyubu nilijaza psi 50, kwa kuogopa tyubu kubanwa kati ya jiwe na ringi ikapasuka. Sasa naweka 30 mbele na 34 nyuma, kwa uzito wangu wa kilo 66, na yale mawimbi ya barabara ya vumbi ya kwenda Kahe hayaniumi tena viganja. Fundi kila akilibonyeza kwa dole gumba anasema, "Dada, hili halina upepo." Lina wa kutosha. Nunua kipima upepo, bei yake ni ndogo. Na kama valvu zako ni nyembamba kama zangu, tembea na adapta ya shaba ya kuvalisha juu yake ili pampu ya bodaboda ikubali. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na imeniokoa mara nyingi kuliko pampu yangu mwenyewe.

Sasa matunzo, na hapa ndipo watu wengi wanaachia. Dawa inakauka. Chupa yangu inaahidi miezi mpaka sita, lakini huku chini, Januari na Februari, baiskeli ikishinda juani nje ya ofisi ya skimu, haifiki huko. Mwaka wa kwanza niliiamini chupa. Mwezi wa nne tangu niiweke, mbigiri moja tu ilinilaza. Nilipolifungua tairi nikakuta utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemka, na vitonge vya mpira vinavyobingirika. Tone la maji halikuwamo.

Siku hizi nakagua kila wiki ya tano. Naelekeza valvu juu, natoa upepo wote, kisha nalizungusha gurudumu valvu ije chini kabisa. Nafungua kiini, nachovya njiti ya ufagio wa chelewa kama dereva anayepima oili. Njiti ikitoka na unyevu wa kutosha, najaza upepo yanaisha. Ikitoka kavu, au na kidoa tu nchani, naongeza mililita 30. Kiini cha valvu nacho huziba kwa dawa iliyoganda. Nakiosha kwa maji ya uvuguvugu, na nina vya akiba viwili. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, nafungua kila kitu, nabandua ule utando na kuanza na dawa mpya.

Kingine kilichonichukua muda kukizoea: mbigiri ukiiona imechoma na tairi bado gumu, iache. Mwiba wenyewe unaziba. Nikifika nyumbani ndipo naing'oa, nalizungusha haraka tundu liwe chini dawa ilifikie, povu jeupe linatoka kidogo, linakoma. Mpasuko ni habari nyingine. Niliwahi kukatwa na jiwe nikishuka kutoka Kibosho, na dawa haikufua dafu. Nilipona kwa vile vikamba vya mpira vyenye gundi ambavyo mafundi wa magari huvisokomeza kwa sindano nene. Vitatu viko kwenye mkoba chini ya kiti, pamoja na tyubu moja, maana siku ikiharibika kabisa utavua valvu na kurudi kwenye tyubu kama zamani.

Tairi la nyuma huisha kwanza. Linapokwisha meno nalihamishia la mbele nyuma, jipya nalifunga mbele, kwa sababu kwenye tope la Kibosho la mbele likiteleza huna ujanja.

Mwezi uliopita mzee mmoja jirani ya mama, anayeshusha ndizi mjini kwa Phoenix, alinikuta nyuma ya nyumba na bomba la sindano mkononi. "Mwanangu, hiyo dawa ya ng'ombe?" Nikamweleza. Akaniuliza kama yake yenye tyubu haiwezi kunywa hiyo dawa. Inaweza, kwa matundu madogo: valvu za Phoenix kiini chake chote hutoka, kwa hiyo nilimwekea 60 kila tyubu, nikarudisha mpira wa valvu na kujaza. Jumapili iliyofuata alinipita pale njia panda akishuka na mikungu minne, akainua mkono bila kusimama.