Ng'ombe wa Mwisho kwenye Theluji ya Montana

Katika kazi zote za mchoraji Charles Marion Russell, ile ninayoipenda kuliko zote ina ukubwa wa kadi ya posta tu. Inamwonyesha ng'ombe mmoja aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, amesimama kwenye theluji, mgongo umejikunja kwa baridi na kichwa kimeinama, huku mbwa mwitu wakimngoja nguvu zimwishie. Mimi nimekulia katika boma la wafugaji huko Kajiado, na ukame wa mwaka 2009 niliuona kwa macho yangu, kwa hiyo picha hiyo sikuhitaji kufafanuliwa na mtu. Ng'ombe aliyefikia hali ile hutanua miguu ili asianguke, maana akishalala hainuki tena kwa nguvu zake mwenyewe. Alfajiri baba alikuwa akiwainua kwa kuwashika mkia, sisi watoto tukisukuma ubavuni, na wengine walisimama kwa muda mfupi tu kisha wakalala tena.

Russell aliichora katika majira ya baridi ya 1886 kuingia 1887, kwenye bonde la Judith huko Montana, Marekani, alipokuwa kijana wa miaka 22 anayelipwa kuchunga ng'ombe wa watu. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kikavu, na malisho yalikuwa yamekwisha kwa sababu mifugo ilizidi uwezo wa ardhi. Kisha theluji ikaanguka, ikaganda kuwa ukoko mgumu wa barafu, na nyasi chache zilizosalia zikabaki chini yake. Chinook, yaani upepo wa joto unaoteremka kutoka Milima ya Rocky na kuyeyusha theluji kwa muda mfupi, ulingojwa bila kufika. Mwenye mifugo alipoandika kuuliza hali ya ng'ombe wake, msimamizi, Jesse Phelps, hakujua aanzie wapi kumjibu. Russell akachora kile kipande kwa rangi za maji, na Phelps alipokiona akasema kwamba barua haihitajiki tena. Picha hiyo, iliyokuja kuitwa "Waiting for a Chinook", ndiyo iliyoanza kumjulisha kwa watu.

Russell alizaliwa mwaka 1864 mjini St. Louis, katika familia yenye uwezo, na alifika Montana mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 16. Kazi ya kondoo ilimshinda mapema, akaishi kwa muda na mwindaji Jake Hoover, na mwaka 1882 akaajiriwa kuwa mchungaji wa usiku. Naamini zamu hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Wenzake walipolala, yeye alilizunguka kundi gizani juu ya farasi. Na mchana, wenzake wakiwa katika jasho la kukamata ndama kwa kamba na kuwatia chapa, yeye alikuwa na nafasi ya kukaa kando na kuwatazama. Aliishi hivyo hadi mwaka 1893, na mfukoni mwake hakukosa donge la nta, ambalo alilifinyanga kuwa farasi au nyati huku akizungumza na watu.

Kila anayechora anajua kwamba farasi ni mtihani. Mtazameni yule wa "A Bronc to Breakfast" ya mwaka 1908, farasi aliyegoma asubuhi na kuingia na mpandaji wake katikati ya moto wa mpishi, vyombo vikitawanyika. Farasi anayetaka kumwangusha mtu hukunja mgongo kama upinde na kuingiza kichwa chini, ili hatamu zimponyoke aliye juu. Russell amelionyesha hilo bila kosa, tena kwa upendo, kana kwamba yuko upande wa farasi na wa mpandaji kwa wakati mmoja. Mchoraji mwenzake Frederic Remington, aliyetangulia kuzaliwa mwaka 1861 na aliyekuwa maarufu zaidi enzi zile, alikuwa fundi mkubwa, nami namheshimu. Hata hivyo, mbele ya picha za Remington mara nyingi najiona mtazamaji wa vita, ilhali mbele ya za Russell najiona nimo miongoni mwa watu walio kazini.

Mwaka 1896 Russell alimwoa Nancy, na mama huyo ndiye aliyesimamia mauzo na kupandisha bei za kazi ambazo mumewe alikuwa akizigawa ovyo. Kazi yake kubwa kuliko zote, ya mwaka 1912, ina upana wa zaidi ya mita 7 na imetundikwa katika ukumbi wa wawakilishi wa Montana mjini Helena. Ili aweze kuichora, ilibidi paa la karakana yake liinuliwe. Inahusu Lewis na Clark, wasafiri waliotumwa kuichunguza nchi, kukutana na Wasalish, wenyeji wa huko, lakini wasafiri wenyewe amewaweka pembeni kwa mbali, wadogo, na mbele kabisa wamejaa Wasalish wakiwa juu ya farasi wao wanaotimua mbio. Kwa maoni yangu, kuwapa wenyeji nafasi hiyo ndani ya jengo la serikali, katika miaka ile, kulihitaji moyo.

Alifariki mwezi Oktoba 1926 mjini Great Falls, na kwa kuwa hakuyapenda magari, jeneza lake lilivutwa na farasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amechora "Laugh Kills Lonesome": wachungaji wameuzunguka moto usiku kando ya gari la chakula, wakicheka, na mbingu imejaa nyota. Pembeni ya moto amejichora mwenyewe amesimama, mzee kati ya vijana wa enzi iliyokwisha pita, uso wake ukimulikwa na ule mwanga.